Jicho limenyooka kwa vipimo vya daktari. Mbona mwenye jicho bado?

JichoLaPembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina makengeza tangu utotoni, jicho la kushoto hukimbilia nje. Miezi mitatu iliyopita, nikiwa na miaka 36, nilifanyiwa upasuaji wa misuli ya jicho. Kabla ya hapo walinipima kwa ule mchezo wa kufunika jicho hili, kufunua lile, huku wakipitisha prizimu, kile kipande cha kioo kinachopindisha mwanga, mbele ya jicho. Makengeza yangu yalikuwa ya dayopta 35 za prizimu. Baada ya upasuaji nimebaki na 8. Daktari alitabasamu akasema kwa hesabu zao ukifika 10 au chini, na huoni vitu viwiliviwili, hayo ni mafanikio. Nikampa mkono, nikaenda zangu.

Wiki ya tatu nikaenda kupiga picha ya kitambulisho. Mpiga picha ananiambia, "Tazama mbele." Nikamjibu ndiyo natazama mbele. Akaja akanishika kidevu akakirudisha katikati. Kumbe nilikuwa nimeshageuza uso ule upande wa kushoto ufichike, kama nilivyofanya kwenye kila picha tangu nikiwa na miaka 14 au 15. Jicho limenyooka, shingo haina habari.

Sasa swali langu. Kabla ya upasuaji muuguzi alinipa karatasi ya maswali 20. Macho yako yanakufanya uepuke watu? Unafumba jicho moja ili uone vizuri? Mambo ya namna hiyo. Nikajaza haraka haraka nikijua ni urasimu. Wiki ya sita wakanipa tena ileile. Hakuna aliyeizungumzia. Hizi karatasi zinapima nini, na kuna mtu anazisoma?

---

Tulia_Kwanza

Naweka kiti hapa. Mdogo wangu ana hali hii.

---

KipangaMzee

Mkuu, makengeza hayajawahi kuua mtu. Jicho linaona, maisha yanaenda. Hizo karatasi ni za watu wa vyuoni wanatafutia shahada. Na wengine kakengeza kanawapendeza, tuseme ukweli.

---

MtuWaPrizimu

Mzee Kipanga, shikamoo. Kupendeza machoni pa mwingine ni jambo jema, lakini si hilo karatasi inalouliza. Inamuuliza mwenye jicho.

JichoLaPembeni, mimi kazi yangu ni hiyo ya kufunika na kufunua macho ya watu kutwa nzima, kwa hiyo nikujibu kidogo kwa urefu.

Dayopta 1 ya prizimu ni kiasi cha kuusogeza mwanga sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Ulipokuwa na 35, jicho lako lilikuwa limekengeuka kama nyuzi 19 hivi. Kipimo kizuri, kinarudiwa, na daktari mwenzangu akipima baada yangu tutakaribiana. Kasoro yake ni kwamba kinajua jicho liko wapi tu. Hakijui wewe umekaa wapi kwenye mkutano.

Karatasi uliyojaza, kwa maelezo yako, inafanana na ile iitwayo AS-20. Ilitungwa kwenye hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, na kina Sarah Hatt na Jonathan Holmes, ikachapishwa 2009. Hawakuketi ofisini wakabuni maswali. Walianza kwa kuwahoji watu wazima wenye makengeza, wakaokota maneno yao, kisha wakachuja mpaka yakabaki 20. Kumi ni ya nafsi na watu, yaani unajionaje na unadhani wenzio wanakuonaje. Kumi ni ya kazi za macho: kusoma, kukadiria umbali, macho kuchoka.

Alama zake ni rahisi. Ukijibu "sijawahi" unapata 100, "mara chache" 75, "wakati mwingine" 50, "mara nyingi" 25, "siku zote" 0. Unatafuta wastani. 100 maana yake macho hayakusumbui kabisa. Kama unayo nakala, fanya hesabu mwenyewe, ila sehemu mbili zipigie hesabu mbalimbali. Usizichanganye.

---

JichoLaPembeni

Asante sana kiongozi. Nakala ninayo, nilizipiga picha zote mbili.

Kabla ya upasuaji, sehemu ya nafsi na watu: "siku zote" mbili, "mara nyingi" nne, "wakati mwingine" nne. 0 + 100 + 200, gawa kwa 10, nimepata 30.
Sehemu ya kazi za macho: "sijawahi" tano, "mara chache" tatu, "wakati mwingine" mbili. 825 gawa kwa 10, ni 82.5.

Aisee. Sikuwahi kujiona kwenye namba namna hii. Hiyo 30 imenikalia vibaya kidogo.

---

MbiliMbili

Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimyakimya muda mrefu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu tu.

Mimi nina miaka 52. Sikuzaliwa na makengeza. Nilipata ajali ya gari, nikaumia kichwa, na mshipa wa fahamu unaoendesha msuli mmoja wa jicho la kulia ukadhurika. Jicho langu liko juu kidogo tu. Dayopta 6. Hakuna anayeliona, hata mume wangu ambaye tunatazamana kila siku. Watu wananiambia, "Mbona uko sawa!"

Niko sawa nikitazama mbele. Nikitazama chini, dunia inakuwa mbili, moja juu ya nyingine. Nikishuka ngazi naona kila kipandio kina pacha wake, na sijui nikanyage kipi. Nashuka kwa kupapasa na mguu kama kipofu, jicho moja nimelifumba, mkono ukutani. Kusoma ndiyo usiseme, mstari wa juu unakuja kulala juu ya mstari wa chini. Nimekuwa mhasibu miaka 24. Fikirieni safu za tarakimu.

Nimetafuta maswali hayo 20 nikajibu. Nafsi na watu 85. Kazi za macho 25.

---

MtuWaPrizimu

Dada MbiliMbili, karibu, na pole sana.

Naomba wote mtazame namba hizi mbili kwa pamoja, maana hata ningetaka kutunga mfano nisingepata mzuri zaidi. JichoLaPembeni ana 30 na 82.5. Dada ana 85 na 25. Mtu mvivu akijumlisha maswali yote 20 akatoa wastani mmoja, huyu anapata 56, yule anapata 55. Kwenye jedwali la ripoti wanaonekana pacha! Mmoja anaogopa macho ya watu, mwingine anaogopa ngazi.

Na tazameni prizimu: mwenye 35 anasoma bila shida, mwenye 6 ameshindwa na hesabu zake. Sisi tunaopima tunalijua hili, kwamba ukubwa wa pembe na uzito wa maisha havitembei pamoja.

Sababu yake iko kwenye ubongo. Makengeza yakianza utotoni, ubongo wa mtoto hujifunza kuinyamazisha picha ya jicho lililopotoka. Ndiyo maana JichoLaPembeni haoni viwiliviwili. Yakianza ukubwani, ubongo umeshakomaa na hauwezi tena kunyamazisha, kwa hiyo picha zote mbili zinapita. Wa kwanza hulipa kwa watu, wa pili hulipa kwa kazi. Si kanuni ya kukata na shoka, wapo wanaolipa kotekote, ila ukipewa fungu la karatasi bila majina, mara nyingi utaotea nani ni nani.

---

KipangaMzee

Marahaba mwanangu. Haya, nimeelewa kwa huyo wa ngazi, huyo ana shida ya kweli. Lakini huyo wa kwanza si ni mawazo yake tu? Mtu akijikubali, basi.

---

JichoLaPembeni

Mzee wangu, kwa heshima zote, nikupe kitu kimoja tu.

Nimewahi kufundisha. Unamteua mwanafunzi kwa macho tu, unasema, "Haya wewe, jibu." Wanasimama wawili. Au hasimami hata mmoja, kila mtu anageuka nyuma kutafuta anayeangaliwa. Darasa linacheka, na wewe unacheka nao. Siku ya kwanza ni kichekesho. Mwaka wa sita unakuta umeacha kuwatazama kabisa, unafundisha ukiangalia ubao, na mkuu wa shule anaandika kwenye tathmini kuwa "hana mawasiliano na darasa". Hilo nilikuwa nimelitenda kweli. Si mawazo.

---

Tulia_Kwanza

Daah. Hiyo ya "unaniambia mimi?" na kugeuka nyuma, mdogo wangu anaichukia kuliko kitu chochote.

---

MtuWaPrizimu

Na si kwamba watu wanajishuku bure. Mwaka 2000 Marekani ulichapishwa utafiti wa David Coats na wenzake: watu walipewa wasifu wa waombaji kazi wenye picha, na baadhi ya picha zilikuwa zimechezewa zionyeshe makengeza makubwa. Wanawake wenye makengeza walipewa nafasi ndogo ya kuajiriwa. Kwa wanaume tofauti haikuwa dhahiri. Uswisi nako, Stefania Mojon-Azzi na Daniel Mojon waliwauliza watu ambao kazi yao ni kuwatafutia makampuni wafanyakazi, na wengi wao walikiri kuwa mwenye makengeza anapata tabu zaidi kupata kazi. Kwa hiyo mtu akijibu "watu wananinyima nafasi kwa sababu ya macho yangu", usikimbilie kumwambia ajikubali.

Ndiyo sababu pia sisi wa fani hii tunagombana na wanaoita upasuaji huu urembo. Kurudisha jicho mahali pake ni kurudisha hali ya kawaida ya mwili.

---

NenoKwaNeno

Mimi ni mfasiri, niliwahi kupewa kazi ya kugeuza dodoso la afya (si hili) kwa Kiswahili. Nataka kuongeza jambo ambalo watu wa namba hulipita.

Kuna ile hali ya kuhisi unatazamwa, ukaanza kujirekebisha hata kama hakuna anayekutazama. Ukiandika "naona haya kwa sababu ya macho yangu", umeharibu. Haya kwetu ni sifa njema, mtu mwenye adabu atajibu ndiyo kwa fahari. Ukiandika "najidharau", umezidisha chumvi, umemweka mtu kwenye shimo asilokuwemo. Neno lenyewe ni "najishtukia". Kila mtu analielewa, lakini wakubwa wa jopo walilikataa, eti la mitaani. Tulibishana nusu siku kwa neno moja.

Na zile ngazi za majibu. "Mara chache" na "wakati mwingine", nani mwenye nadra zaidi? Niliwasomea watu wanane, watatu wakazipanga kinyume. Kwa hesabu ya mtaalamu hapo juu hiyo ni tofauti ya alama 25 kwa kila swali, na mgonjwa hajabadilika hata kidogo.

---

MtuWaPrizimu

Hili nalichukua. Ndiyo maana dodoso halifasiriwi na mtu mmoja usiku mmoja. Mmoja anapeleka kwenye lugha mpya, mwingine asiyeiona asili anairudisha, kisha wanakaa na wagonjwa wenyewe kuwauliza, "Hapa umeelewa nini?" Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa.

---

LaKuliaTu

Naomba kuuliza mtaalamu. Jicho langu la kushoto lina makengeza, na ni lile jicho zembe, halioni zaidi ya vivuli hata kwa miwani. Nimeyasoma maswali 20 yote. Nimepata alama nzuri, zaidi ya 80 kotekote. Lakini kitu kinachoninyima usingizi hakimo. Kila nikikata kuni, kila kijiti kikiruka, naweka mkono kwenye jicho la KULIA. Mwanangu akinirushia mpira, la kulia. Sina akiba. Mbona hakuna aliyeuliza hilo?

---

MtuWaPrizimu

Kaka, aliulizwa mtu, ila kwenye karatasi nyingine. Uholanzi, mwaka 2004, Elizabeth van de Graaf na wenzake walitoa dodoso la maswali 26 kwa ajili ya wenye makengeza na wenye jicho zembe. Lina maeneo matano, na mojawapo ni hilohilo, hofu ya kulipoteza jicho zima. Mengine ni kukadiria umbali, kupotewa na mwelekeo, kuona viwiliviwili, na mambo ya watu na sura.

Kila dodoso lina mlango wake. Wenye ugonjwa wa macho unaotokana na tezi ya shingo, ambao macho hutoka nje na misuli kuvimba, wana lao la Amsterdam la mwaka 1998, maswali 16, nusu kuona na nusu sura. Lipo pia la magonjwa ya macho kwa jumla, VFQ-25, ila kwa mwenye makengeza nyavu zake ni pana mno, samaki wengi wanapita. Ukipata alama nzuri kwenye dodoso lisilouliza shida yako, hujapona. Na miwani ya kinga, kaka, hata kama ya kuonea huihitaji. Lensi za polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi. Hilo si la kujadili.

---

KipangaMzee

Swali la mwisho nisiwachoshe. Mtu si anaweza kujaza uongo?

---

MtuWaPrizimu

Anaweza, ila uongo wa makusudi ni nadra. Kinachotokea zaidi ni kumfurahisha daktari. Amekukata jicho, amekushona, anakusubiri pale mezani na uso wa matumaini, utamwandikia "siku zote najisikia vibaya"? Ndiyo maana ni bora ijazwe kabla hujaingia kumwona. Niliwahi kumkuta mume akimjazia mkewe, kila swali anajibu "sijawahi", mama wa watu ametulia kando. Nikampa mama karatasi mpya na kiti cha peke yake. Zilitoka karatasi mbili za watu wawili.

Kuna na njia nyingine ya kupima, kali kidogo: watafiti huuliza, "Ikiwa una miaka 20 ya kuishi, ungetoa mingapi ili macho yako yanyooke?" Ukisema miwili, thamani ya maisha yako ya sasa ni 18 kwa 20, yaani 0.9. Waliwahi kuwauliza watu wazima wenye makengeza, na wapo waliokubali kutoa muda wao.

---

MbiliMbili

Mimi nisingetoa hata mwaka. Ningetoa ngazi zote duniani.

---

JichoLaPembeni

Mtaalamu, nilisahau. Wiki ya sita nafsi na watu ni 45, macho 80. Kutoka 30 hadi 45. Ndiyo nimepona nusu?

---

MtuWaPrizimu

Usiisome hivyo. Mtu yuleyule akijaza leo na wiki ijayo bila kubadilika chochote, alama hupanda na kushuka. Hiyo 15 inaweza kuwa nafuu, inaweza kuwa siku nzuri. Na 82.5 kuwa 80 si hasara, ni swali moja tu limesogea ngazi moja. Kina Hatt waliwafuatilia waliofanyiwa upasuaji wakakuta sehemu ya nafsi iliendelea kupanda baina ya wiki ya 6 na mwaka 1. Msuli unashonwa kwa saa moja, mazoea hayashonwi. Rudi ukitimiza mwaka.

---

*Miezi tisa baadaye*

JichoLaPembeni

Nafukua uzi wangu. Nimetimiza mwaka, nimejaza tena.

Jicho: dayopta 10, limerudi nyuma kidogo. Kazi za macho: 80. Nafsi na watu: 72.5.

Yaani jicho limezidi kukengeuka na mimi nimezidi kuwa sawa. Nimemwonyesha daktari, safari hii niliitoa mfukoni nikaiweka mezani mwenyewe. Akaisoma, kimya. Akaweka kidole kwenye swali moja ambalo bado nimejibu "mara nyingi", lile la kuona tabu kuanza mazungumzo na nisiowajua. Akaniuliza, "Hili vipi?" Ni mara ya kwanza kuulizwa. Tulikaa dakika ishirini juu ya swali moja. Kunikata tena hakutaka, kanielekeza kwa mshauri nasaha.

Dada MbiliMbili upo?

---

MbiliMbili

Nipo mdogo wangu, hongera. Mimi walinibandikia kwanza ile plastiki ya mistari kwenye lensi ya kulia, ya prizimu, kujaribu. Inafifisha kidogo, na ukinitazama unaona mistari. Sasa wamenichongea prizimu ndani ya miwani yenyewe. Kusoma nimerudi, tarakimu zimetulia kwenye safu zake. Macho kutoka 25 hadi 62.5.

Cha kuchekesha, nafsi na watu imeshuka, 85 hadi 75. Maana miwani ni minene upande mmoja na watu sasa wananiuliza nina nini. Zamani hawakujua!

Ngazi bado mkono ukutani. Lakini macho yote mawili wazi.

---

KipangaMzee

Nimekuwa nikifuatilia. Mke wangu anafumba jicho moja akisoma simu, mwezi wa tatu huu. Nilidhani ni mkao tu. Nimpeleke?

---

MtuWaPrizimu

Mpeleke mzee wangu, na wiki hii, usisubiri. Viwiliviwili vinavyoanza ukubwani lazima vitafutiwe chanzo: sukari, presha, tezi, hata kichwani. Akianza kuumwa kichwa sana, kope kudondoka au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, hiyo ni siku hiyohiyo. Na wakimpa karatasi ya maswali, mwache ajaze mwenyewe.